Kabla ya Kumchangia Mtoto Akasome Saikolojia Ng'ambo

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani halikuwa katika ajenda ya vikundi vyetu. Tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na karo ya sekondari. Lakini siku hizi tunaletewa barua za harambee za namna nyingine. Kijana amemaliza digrii ya kwanza hapa nchini, labda ya ualimu, biashara au kilimo. Amekaa nyumbani bila kazi, au anafundisha kwa mshahara mdogo unaotoka kwa wazazi. Sasa anasema: "Nimepata nafasi Uingereza nikasome saikolojia, digrii ya pili, mwaka mmoja tu. Nikirudi nitakuwa mtaalamu, nitasaidia kijiji." Barua ya chuo iko mkononi. Baba yuko tayari kuuza kipande cha shamba, na kikundi kinaombwa kifungue sanduku.

Hatukuja hapa kusema msimchangie. Haja ipo, sote tunaiona. Nani hapa hajazika kijana aliyejitoa uhai, au hajakaa na mama aliyenyamaza miezi mingi baada ya msiba? Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Ni vizuri. Lakini mtu huyo asipopelekwa polisi, apelekwe kwa nani? Tunahitaji watu waliofunzwa. Ndiyo maana tunasema tuchague kwa macho wazi, maana pesa zinazoombwa ni za kuku, za maharagwe na za mzunguko wa akina mama.

KOZI HII NI KITU GANI?

Huko Uingereza kuna digrii ya pili iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye digrii yake ya kwanza haikuwa ya saikolojia. Wenyewe huiita konveshoni, yaani kozi ya kuhamia fani nyingine. Mwanafunzi akisoma siku zote humaliza kwa mwaka mmoja, na akisoma nusu nusu huchukua miaka miwili au zaidi. Ndani yake anafundishwa jinsi ubongo unavyofanya kazi, jinsi mtu anavyokumbuka na kufikiri, jinsi mtoto anavyokua, jinsi watu wanavyoathiriana, na jinsi tabia ya mmoja inavyotofautiana na ya mwingine. Halafu kuna njia za utafiti na hesabu za takwimu, na mwisho anafanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika. Kwa ufupi, anabanwa ndani ya mwaka mmoja msingi ambao wenzake waliusoma kwa miaka mitatu au minne.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapotea. Kozi hii humpa mtu msingi wa saikolojia. Haimfanyi kuwa mtu wa kutibu. Akimaliza hawezi kufungua mlango Uingereza na kujiita mwanasaikolojia wa kliniki. Majina kama hilo yanalindwa na sheria huko, na tangu mwaka 2009 wanaoyatumia lazima wasajiliwe na baraza liitwalo HCPC. Ili afike huko, kwa kawaida inambidi aendelee na udaktari wa miaka mitatu, na nafasi hizo zinagombaniwa sana. Zile zinazolipiwa na serikali yao hazikukusudiwa mwanafunzi wa kigeni.

Basi kijana akisema "mwaka mmoja, kisha narudi kutibu," mwulizeni kwa upole: mwanangu, nani alikuambia hivyo? Mara nyingi mtashangaa kusikia kwamba ni ajenti. Tena jueni kwamba maajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Si kosa, ni biashara yao. Lakini mtu anayelipwa ukienda hawezi kuwa ndiye peke yake wa kukushauri kama uende.

MASWALI MANNE YA KUMWULIZA KIJANA

1. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa?

Huko kuna Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza, kwa kifupi BPS, kilichoanzishwa mwaka 1901. Chama hicho hukagua kozi. Mtu akipasi kozi ya konveshoni iliyoidhinishwa anapata haki wanayoiita GBC. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa msingi kamili wa saikolojia, na kozi za udaktari huko huitaka. Bila hiyo, ule mwaka na zile pesa zinaweza kuishia ukutani.

Angalieni jambo hili: kinachoidhinishwa ni kozi. Jina kubwa la chuo halitoshi. Chuo kimoja kinaweza kuwa na digrii tano zenye neno saikolojia, na ya konveshoni ikawa moja tu. Zile nyingine, kama saikolojia ya biashara au ya afya ya akili, huenda zinamtaka mtu aliyekwisha kusoma msingi, au zinampa maarifa bila GBC. Orodha ya kozi zilizoidhinishwa iko katika tovuti ya BPS, na kuisoma ni bure. Kijana aifungue mbele ya kamati na aonyeshe kwa kidole jina la kozi yake, na namna atakavyosoma. Jina lisipokuwapo, akiandikie chuo na alete jibu la maandishi.

2. Atafundishwaje?

Wengi huchagua chuo kwa sababu kiko London, au kwa sababu kimepangwa juu katika magazeti. Cheo hicho mara nyingi kinatokana na utafiti wa maprofesa. Hakimwambii mwanafunzi wa mwaka mmoja nani atamsaidia akikwama. Afadhali aulize mambo haya. Darasa lina wanafunzi wangapi? Aliyekuja kutoka fani isiyo na hesabu anafundishwa takwimu tangu mwanzo, au wanadhani anazijua? Nani atasimamia utafiti wake, na ataonana naye mara ngapi? Mtihani unakuwaje, ni wa kuandika chumbani au ni kazi za kupeleka? Vyuo vina wafanyakazi wa kujibu maswali ya namna hii. Kikikaa wiki nne bila kujibu kabla ya kupokea karo, basi tujiulize kitajibuje baadaye.

Hapo tusione aibu. Kuuliza si ujinga. Sisi tukinunua ng'ombe tunamfungua mdomo tukahesabu meno.

3. Pesa zote ni ngapi?

Barua ya harambee kwa kawaida hutaja karo peke yake. Karo ya mgeni kwa kozi hizi hutofautiana sana, kuanzia kama pauni 15,000 hadi kupita 30,000. Lakini hesabu haijaisha. Serikali ya Uingereza humtaka mwombaji wa viza aonyeshe kuwa ana pesa za kuishi. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi akisomea London, na 1,171 akisomea nje ya London, kwa miezi hadi tisa. Ukipiga hesabu ya miezi tisa, London ni pauni 13,761, na nje ya London ni 10,539. Kwa hiyo kuchagua mji ni kuchagua gharama. Tena pesa hizo lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo. Ukizichanga leo usiku huwezi kuomba viza kesho asubuhi.

Kuna malipo ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Kuna ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu, na tiketi ya ndege. Kisha wanasema, "Atafanya kazi huko ajilipie." Jamani! Mwanafunzi wa digrii huruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na kozi hii ina kazi nyingi. Saa hizo zinaweza kununua chakula. Haziwezi kulipa karo.

Kwa walio na familia, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa digrii ya pili ya namna hii haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Nani atabaki na mtoto? Hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya harambee. Baada ya masomo, kuna viza ya kubaki kutafuta kazi kwa miaka miwili, lakini kwa watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 itakuwa miezi 18.

Iko njia ya katikati. Baadhi ya kozi zilizoidhinishwa husomwa kwa intaneti, mtu akiwa mahali alipo. Open University na Chuo Kikuu cha Derby ni vyuo vinavyojulikana kwa masomo ya namna hiyo. Hapo hakuna viza wala kodi ya nyumba ya huko, na kijana anaweza kuendelea kufundisha. Lakini aulize kwanza kama wanapokea mtu anayeishi Kenya. Na jueni kwamba umeme, mtandao na upweke vina kazi yake. Anahitaji meza, kimya, na mtu wa kumwuliza, "Umefika wapi?"

4. Akirudi, ataruhusiwa kufanya kazi gani?

Hili ndilo tungelipenda liulizwe kwanza. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia. Mtu hafai kutoa huduma hiyo bila kusajiliwa. Pia digrii ya ng'ambo inapaswa kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Basi kabla ya kulipa hata senti, kijana aiandikie Bodi barua, aambatanishe orodha ya masomo ya kozi, na aulize: nikimaliza hii, mtanisajili kama nani, na nitahitaji mazoezi gani zaidi? Ushauri nasaha hufunzwa kwa vitabu na kwa kukaa na watu wenye shida chini ya msimamizi, na kozi ya konveshoni kwa kawaida haina sehemu hiyo ya pili.

NA HAPA NYUMBANI JE?

Tukiuliza swali hilo la nne kwa dhati, tutaona kwamba vijana wako wa aina mbili.

Wa kwanza anapenda utafiti, ualimu wa chuo, au anataka kwenda hadi udaktari. Huyo konveshoni inaweza kumfaa sana, akipata nafasi nzuri na hasa akipata ufadhili. Wa pili anataka kukaa na mjane, na mlevi, na msichana aliyetendewa vibaya, na kuwasaidia. Huyo huenda njia yake iko karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina digrii ya pili ya saikolojia ya kliniki. USIU, Daystar, Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki vinafundisha saikolojia ya ushauri. Kozi hizo kwa kawaida ni za miaka miwili, na mazoezi hufanywa na watu wetu, kwa lugha zetu, juu ya shida zetu. Vyuo vingine vinamtaka mtu wa fani nyingine asome kwanza masomo ya kujaziliza. Aulize masharti chuo kwa chuo.

Hatusemi cha nyumbani ni bora daima. Tunasema vilinganishwe juu ya meza moja, kwa karatasi moja: karo, miaka, mazoezi, usajili. Mara nyingi karatasi hiyo inamaliza ubishi bila mtu kukasirika.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tukiamua kusaidia, tusaidie kwa utaratibu. Pesa zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, zisipitie mkononi mwa ajenti, na risiti iwekwe katika faili ya kikundi. Iandikwe kama ni zawadi au ni mkopo, maana undugu mwingi umevunjika kwa sababu hilo halikusemwa. Yaulizwe masharti ya kurudishiwa karo viza ikikataliwa. Shamba lisiuzwe kabla ya jibu la Bodi kufika. Na pesa za dharura, zile za wagonjwa na mazishi, zisiguswe.

Mwisho, tusimbebeshe kijana mzigo wa kijiji kizima. Tukimchangia kisha tukamwita "daktari wetu" kabla hajaenda, ataogopa kutuambia kozi imemshinda au moyo wake umebadilika. Aende akijua kwamba anaweza kutuandikia ukweli.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu mwenye shida ya moyo au akili huenda kwa nani leo? Je, kuna aliyefunzwa?
2. Tukiletewa barua ya harambee ya masomo ng'ambo, ni karatasi zipi tutataka kuziona kwanza?
3. Kiasi tunachoombwa kwa mmoja kingeweza kusomesha wangapi cheti au diploma ya ushauri nasaha hapa nchini?
4. Tuna kijana anayefikiria jambo hili? Nani kati yetu ataketi naye wiki hii, na wataandika barua gani?

Tugawanyike sasa katika vikundi vya watu sita sita, na kila kikundi kichague mwandishi.