Kambi na Kijiji: Je, Binadamu Anaweza Kuhamia Mirihi?



Mimi ni mtoto wa Likunja. Nililelewa na bibi aliyejua, mwaka wa njaa, aingie pori gani na jembe lake atoke na ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Naanza na ming'oko kwa sababu swali la jioni ya leo, kama binadamu anaweza kuishi kwenye sayari na miezi mingine, hujibiwa kwa habari za roketi, nami naliona ni swali la chakula. Kufika tunaweza. Watu 12 walikanyaga Mwezi kati ya 1969 na 1972, na wote walirudi kula nyumbani.

Hapa Nachingwea tumewahi kuona wageni wakihamia mahali wasipopajua. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga: Kongwa, Urambo, kisha huku kwetu. Fedha walikuwa nazo. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, hata bomba la mafuta likalazwa kutoka Mkwaya, hukohuko pwani. Hewa waliikuta bure. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua ikagoma, na mradi kwa jumla ukanunua karanga nyingi za mbegu kuliko ilizovuna. Januari 1951 serikali yao iliufuta, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Nachingwea ilibaki, kwa kuwa waliobaki walilima mihogo, ufuta na korosho, vitu ambavyo ardhi hii inavikubali.

Kwa hiyo mimi hutofautisha kambi na kijiji. Kambi huishi kwa shehena. Kijiji hujilisha, na lori likichelewa watu hunung'unika tu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimekaliwa bila kukatika tangu Novemba 2000, lakini ni kambi, na kiko kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Mirihi ni safari ya miezi sita hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja kila miezi 26. Ukisahau spana, umeisahau kwelikweli.

Tuseme umefika. Hewa ya Mirihi ni nyepesi, haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, na karibu yote ni kabonidayoksaidi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta udongoni chumvi za perklorati, ambazo hudhuru tezi ya shingoni. Kabla ya kupanda, udongo huo itabidi uufue kama nguo. Kati ya 2021 na 2023 mashine iliyobebwa na gari la Perseverance ilitengeneza oksijeni kutokana na hewa ya huko. Ni kazi ya kupigiwa makofi. Ilipata gramu 122 kwa jumla. Mtu mmoja hutumia karibu gramu 840 kwa siku.

Wengine watanitajia Titan, mwezi wa Zohali, wenye hewa nzito kuliko yetu. Ni kweli, ila baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na oksijeni ya kuvuta hakuna.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika hapahapa duniani. Mwaka 1991 watu wanane walijifungia Arizona, Marekani, ndani ya jumba la vioo lililoitwa Biosphere 2, lenye mashamba na msitu wake. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi kama 14, ikabidi waongezewe kutoka nje. Vijidudu vya kwenye udongo wenye mboji nyingi vilikuwa vinaila. Ni udongo tena, kama Kongwa.

Hukumu yangu: kambi Mwezini au Mirihi itawezekana, pengine katika maisha ya wanafunzi waliokaa hapa mbele. Kijiji, sioni bado. Januari 2019 mbegu ya pamba ilichipua ndani ya chombo cha Wachina, Chang'e 4, upande wa Mwezi tusiouona. Usiku wa huko, unaodumu kama siku 14 zetu, ukaingia. Baridi ikauua mche.

Basi, wanafunzi, siku mtakapotangaziwa kwamba watu wamehamia Mirihi, msiulize roketi ilikuwa ya nani. Ulizeni mbegu za msimu wa pili wamezitoa wapi.