Unyevu wa Hewa na Uzazi wa Kupe: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi



Wapo wafugaji wanaoamini kwamba mvua ikikatika, hatari ya kupe nayo imekwisha, wakaacha kuogesha. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini imani hiyo huwagharimu ndama wao.

Kupe wa masikio, mwenye rangi ya kahawia, ndiye anayeeneza ndigana kali, Bara na hapa Visiwani. Jike aliyeshiba damu huanguka chini, akataga mayai 3,000 hadi 5,000, kisha akafa. Mayai yaliyo mahali pakavu hunyauka; yaliyofunikwa na nyasi zenye unyevu huanguliwa. Watoto hutoka na miguu 6. Wakishanyonya hujivua gamba na kuwa na miguu 8, na baada ya mlo wa pili hupevuka. Kwa kila mlo hutafutwa mnyama mwingine, na kabla ya kumpata, kupe hungoja majanini.

Kungoja huko ndiko kunakotegemea unyevu. Kupe aliye juu ya jani hupoteza maji ya mwili kwa jua na upepo. Hivyo hushuka mashinani mwa nyasi, akatoa mate ya chumvi yanayonasa maji ya hewani, kisha akayameza. Unyevu wa hapo ukizidi kiasi cha asilimia 80, aweza kustahimili njaa miezi mingi. Hewa ikiwa kavu, kiu humuua kabla ya njaa.

Tuchukue mfano wa Dumila, wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nyasi huwa na unyevu kila mahali na kupe hutapakaa. Kiangazi kikiingia, mbuga zilizo wazi hukauka, bali kingo za mito na mabonde yenye vivuli hubaki na unyevu. Kupe husalia huko. Na huko huko ndiko mifugo hupelekwa kutafuta maji na malisho. Unguja na Pemba, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, nafuu ya ukame ni ndogo zaidi.

Ifahamike pia kwamba vijidudu vya ndigana kali havirithiwi kupitia yai. Kupe huvipata kwa ng'ombe mgonjwa, akaviambukiza katika mlo wake unaofuata. Kwa hiyo kupe aliyeokoka kiangazi ndiye wa kuogopwa. Hata hivyo, tangu ajishikize hupita siku kadhaa kabla ya vijidudu kuwa tayari kuambukiza. Muda huo ndio fursa ya mfugaji.

Kwa hiyo wafugaji wanaombwa:

(a) kuogesha kwa ratiba, masika na kiangazi;

(b) kukagua masikio ya ndama kila siku;

(c) kumwona Bwana Mifugo mara mnyama apatapo homa na kuvimba tezi, na kumwuliza juu ya chanjo.