Ramani Haina Hukumu

(Mazungumzo mbele ya walimu na wanafunzi mjini Bariadi)



Nimeombwa nizungumze juu ya namna Warusi wanavyoitazama dunia, na namna mtazamo huo unavyoongoza mipango yao ya ulinzi. Huenda mtu akauliza: jambo hilo lamhusu nini mkulima wa pamba wa Simiyu? Lamhusu sana. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya dizeli na ya mbolea ilipanda nchini petu, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku kwa vyote viwili. Mwenye kulimisha kwa trekta kule Itilima au Maswa aliingizwa katika gharama za vita vilivyopiganwa kando ya bahari asiyopata kuiona.

Tena watu wa Simiyu wanayo njia rahisi ya kuyaelewa mawazo ya Mrusi. Robota la pamba likitoka kinuni hapa husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Barabara ikikatika kwa mvua, jasho la mkulima hulala ghalani. Akaaye mbali na bahari hujifunza mapema thamani ya mlango.

Urusi ni nchi kubwa kuliko zote duniani. Eneo lake ni kama kilomita za mraba milioni 17. Lakini katika ukubwa huo viongozi wake, tangu enzi za wafalme, wameona upungufu wa mambo mawili.

La kwanza ni mlango. Sehemu kubwa ya pwani zake hushikwa na barafu kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo Peter Mkuu alipigana na Sweden, na mwaka 1703 akaanza kuujenga mji wa St. Petersburg penye Bahari ya Baltiki. Mwaka 1783 Catherine wa Pili akaitwaa Crimea, na bandari ya kijeshi ya Sevastopol ikaanzishwa huko. Hata hivyo, manowari itokayo Sevastopol haiwezi kufika Mediterania bila kupita katika milango ya bahari iliyo mikononi mwa Uturuki, ambayo kwa Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 inayo haki ya kuwazuia wenye kupigana. Mwaka 2022 Uturuki iliitumia haki hiyo.

La pili ni ukuta. Kutoka Ujerumani, kupitia Poland, hadi Moscow, nchi ni tambarare, haina mlima wa kumzuia adui. Napoleon alipita huko mwaka 1812, na majeshi ya Hitler mwaka 1941. Katika vita hivyo vya Hitler watu wa Urusi ya Kisovieti waliopoteza maisha walizidi milioni 20. Kutokana na machungu hayo wakuu wa Moscow walishika imani kwamba penye upungufu wa milima, umbali ndio ukuta. Na kwamba nchi ya jirani haina budi kuwa sehemu ya umbali huo. Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991 zikazaliwa nchi 15, na baadaye Poland na nchi za Baltiki zikajiunga na NATO, wao waliona ukuta wao unabomolewa.

Ndugu zangu, kueleza sababu ya jambo si kulihalalisha. Uwanda ule ule ndio uliopitiwa na majeshi ya Ujerumani na ya Kisovieti kuivamia Poland mwaka 1939. Umbali ambao mkuu wa majeshi anauita ukuta, kwa mwingine ni shamba, nyumba na makaburi ya wazee wake.

Sisi Watanzania tuliwahi kuambiwa maneno kama hayo. Mpaka wetu na Uganda, magharibi ya Ziwa Victoria, ni mstari ulionyooka uliochorwa na wakoloni. Novemba 1978 Idi Amin alitangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake, na mto ndio mpaka. Kwa kutazama ramani tu, mto ni mpaka bora kuliko mstari. Lakini ng'ambo ya mto walikuwako Watanzania. Tulipigana, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na mpaka ukabaki pale pale ulipokuwa. Tulishika kanuni ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe aliipendekeza mbele ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964: mipaka tuliyoirithi iheshimiwe.

Na habari ya mlango je? Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilijikuta imefungiwa. Tanzania, Zambia na China zikajenga reli ya kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Mlango ulipatikana kwa mapatano.

Machi 2022, katika Umoja wa Mataifa, Kenya ilipiga kura ya kuilaumu Urusi. Tanzania haikuelemea upande wowote. Nchi isiyofungamana na upande inayo haki hiyo, lakini kutofungamana kusiwe kufumba macho.

Kwa hiyo nawaomba walimu: mwanafunzi na aitazame ramani akiwa ameketi Moscow, kisha Kiev, kisha Warsaw, halafu arudi Bariadi. Ramani itamwonyesha mlango ulipo. Kama aubishe hodi au auvunje, hilo ataamua mwenyewe, na atawajibika kwalo.