Nani Ataandika Habari za Karambi?



Gombolola ya Karambi iko katika wilaya ya Kasese, karibu na Bwera na kituo cha mpakani cha Mpondwe, mahali ambapo mto Lhubiriha unaitenga Uganda na Kongo. Wako askari wengi wanaoijua sehemu hiyo kwa nyayo zao. Wengine walikuwa huko Novemba 1996, waasi wa ADF walipoivamia Mpondwe. Wengine walifika Juni 2023, baada ya usiku ule ambao watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kandokando yake. Mambo hayo yaliandikwa magazetini, na yaliandikwa pia katika kitabu cha matukio cha polisi. Lakini gazeti hufungiwa chumvi kabla mwezi haujaisha, na kitabu cha matukio hufungiwa kabatini. Swali linalobaki ni nani atakayeyaandika yakadumu, na mtu huyo atakula nini wakati anaandika.

Swali hilo si geni chini ya mlima Rwenzori. Mwaka 1954 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Bakonzo. Wakati huo Bakonzo walikuwa chini ya utawala wa Toro, na lugha yao haikupewa nafasi shuleni. Mwaka huo huo Mukirane alipanda na kushuka milima pamoja na kijana wa Kiingereza, Tom Stacey, aliyetaka kuwajua watu wa huko. Yaliyofuata yanafahamika. Chama kilichoanza na historia kiliishia kwenye siasa, na tarehe 30 Juni 1962 Mukirane alitangaza kwamba Rwenzururu imejitenga. Mwaka 1963 serikali ya Obote ilimtumia Stacey, ambaye sasa alikuwa mwandishi wa gazeti, apande mlima akazungumze na rafiki yake. Safari hiyo haikuleta amani. Mukirane alifariki mwaka 1966, na ugomvi uliendelea hadi mapatano ya mwaka 1982.

Kitabu kilichozipeleka habari hizo ulimwenguni kiliitwa Summons to Ruwenzori. Kilitolewa mwaka 1965, na jina lililo juu ya jalada ni la Stacey. Mwaka 2003 alitoa kingine, Tribe, juu ya watu wale wale. Hapana wizi ndani yake: Stacey alitembea, aliona, akaandika. Lakini mwalimu aliyeanza kuwauliza wazee alikuwa Mkonzo, na dunia ikamsoma kwa kalamu ya rafiki yake. Tena, chama kile kilikuwapo miaka minane kabla ya kutangazwa kujitenga, na kwa afisa wa usalama jambo hilo lafaa kufikiriwa. Mtu anayepita Karambi na daftari, akiuliza wazee juu ya koo na mashamba, yafaa asomwe kabla ya kushukiwa. Huenda yaliyomo ndani ya daftari hilo ni taarifa ambayo hakuna mpelelezi aliyetumwa kuileta.

Askari mwenyewe anayo nusu ya ufundi wa mwandishi, ingawa hajui. Anapoandika maelezo ya shahidi, hutenga aliyoyaona na aliyoyasikia. Huweka saa, mahali na majina. Wala haongezi pambo. Waandishi wengi waliosoma vyuoni wameshindwa na adabu hiyo. Nusu ya pili ndiyo ngumu. Maelezo ya polisi hayasemi mama alikuwa akipika nini mlio wa kwanza uliposikika, wala kwa nini mzee fulani alikataa kuhama, kwa kuwa mahakama haiyahitaji. Msomaji anayahitaji. Kuyapata kunataka kurudi kwa mtu yule yule mara ya tatu na ya nne, bila haraka, na kuandika upya ukurasa uliokwisha kuonekana mzuri.

Baada ya ufundi kuna riziki, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Soko kubwa la vitabu Uganda ni shule, na asiyeandika kitabu cha darasani hana budi kutafuta wasomaji wake mmoja mmoja. Mwenye fedha kidogo huenda Nasser Road, Kampala, akawalipa wapiga chapa, akarudi Bwera na maboksi yake. Chapa huipata, mhariri na msambazaji hana. Nakala moja ikipigwa picha kwa simu, asubuhi yake inasomwa bure na kijiji kizima. Lugha nayo ni biashara. Kilhukonzo kina wasomaji wanaokipenda, lakini si wengi wa kumlisha mtu. Okot p'Bitek alitoa riwaya kwa Kiacholi mwaka 1953, lakini jina lake lilivuma nje ya Uganda baada ya Song of Lawino kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1966. Kwa mtu wa Karambi iko njia nyingine, nayo ni Kiswahili, ambacho huvuka daraja la Mpondwe kila siku pamoja na mizigo na kueleweka hadi Beni na Butembo.

Wala kazi ya mshahara si adui wa kalamu. Shaaban Robert wa Tanganyika alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, akaandika akiwa mtumishi wa serikali. Na Pecos Kutesa, afisa wa jeshi la Uganda, alitoa mwaka 2006, kwa kampuni ya Fountain Publishers, kitabu juu ya vita vya mwaka 1979 hadi 1986 kama alivyoviona mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2006 ilitoka Sheria ya Hakimiliki. Ilimpa mwandishi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini haikulinda wazo tupu: anayesimulia kisa chake baa, kisha akakikuta kitabuni mwa mwingine, hana mashtaka. Kwa askari iko pia ibara inayomhusu hasa, kwamba kazi iliyoandikwa kwa amri au chini ya usimamizi wa serikali ni mali ya serikali, isipokuwa pamekuwa na mapatano mengine. Maana yake, ripoti ya doria si kitabu chake. Alichokiandika usiku, kwa karatasi yake na kwa saa zake, ni jambo jingine, madhali hakuifichua siri aliyoapa kuitunza. Na katika hilo, kuomba idhini ya wakubwa mapema ni nafuu kuliko kujieleza baadaye.

Kazi hiyo ina muda wake, na muda wenyewe unakwisha. Kijana wa Bukonzo aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954, mwalimu Mukirane alipokuwa akiwapitia wazee wa wakati huo, leo amepita miaka 90.