Jani la Kivulini

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Yona 4:5-11)

 

Barua iliyo mbele yetu imetoka mbali. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikwenda kukaa kwa bintiye huko Minnesota, Marekani, ili awalee wajukuu. Wakenya ni wengi katika jimbo hilo, na bila shaka wako wasikilizaji wetu wenye watoto wao huko. Nyuma ya nyumba ya binti huyo pana mti mkubwa wa mepo, ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Mama alipofika hakutaka kukaa bure. Alilima chini ya mti akapanda sukuma wiki. Ikaota nyembamba, ya manjano, ikalala chini. Mkwewe akasema, basi, mti ukatwe ili mama apate shamba lake. Binti hataki ukatwe, na sasa chakula cha jioni huliwa kimya kimya.

Katikati ya hayo jirani yao mzee alimletea mama kichaka cha majani kilichofungwa katika gazeti la zamani. Akasema kinaitwa hosta, nacho chapenda kivuli. Mama alikipokea kwa adabu, akakipanda. Mwezi wa Oktoba ukaja usiku mmoja wa jalidi, na kulipokucha majani yote yalikuwa yameanguka chini kama mchicha uliochemshwa. Aandika hivi: "Mchungaji, nimeua zawadi ya watu, na mti wa watu wataka kukatwa kwa ajili yangu. Huku mimi na mboga zangu tu hali moja. Hatuoti."

Mama, twakusalimu kwa heshima, na twakuomba jambo moja kabla ya mengine yote. Usiichimbue hiyo hosta. Haijafa, imelala. Kila mwaka jalidi ikifika majani yake hulainika na kuanguka, lakini mizizi na vichipukizi hubaki ardhini vikiwa salama, hata baridi ifikapo nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwisho wa Aprili au mwezi wa Mei utaona ncha ngumu zikitoboa udongo, zimejiviringa kama sigara, nyingine zina rangi ya zambarau. Weka kijiti mahali hapo usije ukapakanyaga. (Twajua wasikilizaji wengine wanangoja tuanze mahubiri ya Pasaka hapa. Leo twazungumza juu ya majani.)

Isitoshe, baridi hiyo mmea huu wauhitaji. Kwao ni Japani, Korea na Uchina, pamoja na sehemu ya Urusi iliyo mashariki kabisa, nchi zenye majira ya baridi. Usipolala majuma kadhaa katika baridi kali hudhoofika mwaka kwa mwaka.

Ulivyofika Ulaya ni kisa kirefu kidogo. Daktari Mjerumani aliyeitwa Philipp Franz von Siebold aliwatumikia Waholanzi katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki, wakati Japani ilipokuwa imewafungia wageni milango. Alikusanya mimea kwa bidii nyingi. Alikusanya pia ramani, na hizo zilikuwa zimekatazwa, akafukuzwa nchini mwaka 1829. Hosta kadhaa zilizofika Uholanzi zilipitia mikononi mwake, na aina moja kubwa yaitwa kwa jina lake hata leo. Lakini jina la hosta lenyewe latokana na Nicholas Host, daktari na mtaalamu wa mimea wa Austria; alipewa heshima hiyo mwaka 1812.

Sasa tuje kwenye kivuli chenyewe, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Husikia kwamba mmea fulani wapenda kivuli, wakautia gizani nyuma ya ghala. Hakuna mmea wa bustani unaopenda giza. Kuna kivuli cha ukuta, ambacho hakina jua kabisa mchana kutwa. Kuna kivuli cha mti, ambapo jua hupenya kwa vipande na kutembea juu ya majani. Tena kuna kivuli cha alasiri, ambapo asubuhi huwa na jua la upole, kisha nyumba yalizuia lile kali. Hosta hupendezwa zaidi na hivi viwili vya mwisho, lakini si zote kwa kipimo kimoja. Bustani za nchi zile zina maelfu ya aina zake, na rangi ya jani ndiyo itakayokuambia iwekwe wapi.

Ziangalie kwanza zile za buluu. Ukipitisha kidole juu ya jani la buluu, alama ya kidole chako yabaki, nayo ni ya kijani. Buluu ile ni vumbi la nta lililotandazwa juu ya jani la kijani. Jua kali na joto huiyeyusha, na mvua huiosha kidogo kidogo, hata kufika mwisho wa kiangazi jani huwa la kijani tu kama mengine. Kwa hiyo mtu akiipenda buluu, kisha akaipeleka juani ili ionekane vizuri, ameiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Kivuli ndicho kinachoihifadhi. Aina iitwayo Elegans, yenye majani mapana yaliyokunjamana, ilitoka kwa Georg Arends huko Ujerumani mwaka 1905. Ile ya Halcyon ni kazi ya Mwingereza Eric Smith, aliyechanganya mbegu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na kwa ajili ya wajukuu tafuta Blue Mouse Ears, maana yake masikio ya panya ya buluu. Kimo chake ni sentimita 20 hivi, na majani yake ni ya mviringo, manene, kama jina lisemavyo.

Za manjano ni kinyume. Hizo zataka mwanga zaidi ili zipate rangi yake. Zikikaa katika kivuli kizito hurudi kuwa kijani hafifu. Sum and Substance ndiyo kubwa miongoni mwao. Kichaka kimoja kikikomaa chaweza kupita mita moja na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, na jani lake moja lamtosha mtoto kuwa mwavuli. Mahali pake ni ukingoni mwa matawi ya mepo, si karibu na shina.

Halafu kuna zenye ukingo mweupe, kama Francee na Patriot. Sehemu nyeupe ya jani haina kile kijani kinachotengeneza chakula, kwa hiyo hubebwa na sehemu ya katikati, tena huungua upesi juani. Penye kivuli kizito hizi ndizo zinazong'aa jioni, kana kwamba mtu amesahau taa ikiwaka. Nyingi za aina hizi hazikutengenezwa na mtu: chipukizi moja hubadilika lenyewe, na mwenye macho hulitenga. Mwaka 1936 mwanamke aliyeitwa Frances Williams alipita katika kitalu cha mimea mjini Bristol, Connecticut, akaona mche mmoja wenye ukingo wa manjano kati ya wenzake wa buluu. Aliuchukua, na leo watunza bustani wa nchi nyingi hulitaja jina lake. Jambo la kuangalia ni hili: mara nyingine kichaka cha namna hiyo hutoa tena chipukizi la kijani kitupu. Lina nguvu kuliko mengine na litayameza. Liondoe mapema pamoja na mzizi wake.

Ukitaka harufu, omba ile ya Uchina, Hosta plantaginea, iliyoingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Yastahimili jua kuliko nyingi, na maua yake meupe hufunguka jioni, mwezi wa Agosti. Ipande karibu na mlango unakokaa ukingoja watoto warudi.

Lakini mama, katika barua yako kivuli si tatizo kuu. Mizizi ndiyo adui. Mepo hutandaza mizizi yake karibu na uso wa udongo, nayo hunywa maji kabla ya wengine. Chini ya mwaloni kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa mizizi ya mwaloni haisongamani juu hivyo. Wewe usikate mizizi minene, wala usirundike udongo juu yake, maana mti utakosa hewa. Tafuta vijishimo vilivyo wazi kati ya mzizi na mzizi, mbali na shina, utie mboji, upande humo. Kisha nywesha maji mengi mara moja kwa juma mvua isiponyesha. Pasipo nafasi, tumia vyungu. Wala usitarajie mengi mwaka wa kwanza. Hosta hukawia miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuonyesha umbo lake kamili.

Kuhusu sukuma wiki twasema wazi: haitafaa pale hata ukiomba na kufunga. Yahitaji jua la saa sita hivi kila siku. Itie katika vyungu vikubwa mbele ya nyumba, penye jua. Nao mti usikatwe. Mkwe wako ana nia njema, na twamsifu mkwe anayemtafutia mama shamba; lakini mkubaliane naye jambo dogo zaidi, yaani matawi machache ya chini yaondolewe mwishoni mwa majira ya baridi, mti ukiwa ungali umelala. Mwanga utaingia kwa pembeni. Yona alifurahia kivuli cha ule mtango siku moja tu, na ulipokauka alikasirika hata akataka kufa. Mepo yenu imechukua miaka mingi kufika hapo ilipo, na mwezi wa Julai, joto la Minnesota likipanda, ndiyo inayoipoza nyumba wanamolala wajukuu wako.

Kuna jambo ambalo huenda jirani hakukuambia. Hosta ni mboga. Katika Japani machipukizi yake machanga huitwa urui. Huvunwa wakati wa machipuko kabla majani hayajafunguka, yakachemshwa kidogo au kukaangwa. Chukua machache tu katika kichaka kilichokomaa, kisicho na dawa yoyote. Usiokote msituni, kwa sababu kuna mmea wa sumu unaofanana nayo sana ukiwa mchanga, na hata Wajapani wenyewe hudhurika kwa kuvichanganya. Tena yasiliwe na mbwa wala paka, huwadhuru.

Si wewe peke yako utakayeyatamani. Tulipokuwa tukisoma katika chuo cha theolojia kusini mwa Uingereza, penye mvua nyingi, bustani ya chuo ilikuwa na hosta ukutani, na kufika Julai majani yake yalikuwa kama kitambaa cha lesi. Wenye hatia ni koa, wale konokono wasio na nyumba mgongoni. Mzee wa bustani aliwaokota usiku kwa tochi, na tena alifukia visahani vyenye bia, nao wakaingia wakazama. (Bia hiyo ni ya koa tu, wazee wa kanisa wasitunukuu vibaya.) Majani manene, kama ya Halcyon na Sum and Substance, huwashinda koa kidogo. Kwenu Marekani wako pia kulungu, jamaa ya ayala tumsomaye katika Zaburi, naye hula mpaka yabaki mashina. Huyo hana dawa isipokuwa ua mrefu au mbwa mwenye sauti.

Ugonjwa wa kuogopwa ni mmoja, wa virusi vilivyotambuliwa mwaka 1996. Jani huwa na madoa yanayofuata mishipa, kana kwamba wino umemwagika ndani yake. Hauna tiba. Kichaka kizima hung'olewa na kutupwa mbali. Huenezwa na utomvu, yaani kwa kisu kilichokata mgonjwa kikaenda kwa mzima, kwa hiyo kisu na kioshwe kila mara unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine. Na kisu utakihitaji, kwa sababu mbegu za hosta hazitoi mtoto anayefanana na mama yake. Anayetaka aina ileile hukigawa kichaka mwanzo wa machipuko, kila kipande kikiwa na chipukizi na mizizi. Hivyo ndivyo jirani alivyofanya kwa kichaka chake kabla ya kubisha mlangoni kwenu na lile gazeti. Mwaka wa nne au wa tano utaweza kukata chako umpelekee mwingine. Katika mtaa wenu hakosekani mama aliyefika juzi.

Umetuuliza mwishoni kama unaweza kutuletea kipande hapa nyumbani ukija kututembelea. Asante, mama, lakini usikitie sandukuni. Mimea haiingii nchini bila kibali cha KEPHIS, na hata kikipata kibali, Limuru haina baridi ya kukilaza. Njoo mikono mitupu. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya ule mparachichi, pana pembe yenye maji ambapo nduma zimekubali kivuli, nazo zitakuwa tayari kuchimbwa utakapofika.