Somo la rangi halijaleta chuki
Wanaopinga masomo ya rangi na ukosefu wa usawa katika vyuo vya Marekani hudai yanapanda chuki. Hoja hiyo haina mashiko. Chuo cha San Francisco State kilipata kitivo cha masomo hayo mwaka 1969, baada ya mgomo wa karibu miezi mitano. Na waligoma bega kwa bega Weusi, Walatino, wenye asili ya Asia, hata Wazungu. Ni kweli, msikilizaji, habari za utumwa humfadhaisha mwanafunzi Mzungu, na Mweusi huchoka kugeuzwa msemaji wa rangi yake. Lakini hapo mwenye dosari ni mfundishaji. Katika sekondari za jiji hilohilo, utafiti wa 2017 ulikuta somo kama hilo limepandisha mahudhurio ya wanafunzi wenye alama duni kwa pointi 21 za asilimia. Wahadhiri wanolewe, somo libaki.