Thamani ya Elimu Pana: Mifano ya Kitale na Bungoma

Elimu pana ni ile inayomkutanisha mwanafunzi na lugha, historia, falsafa, hisabati, sayansi na sanaa kabla hajafungwa katika kazi moja. Vyuo vya Ulaya vya zama za kati viliigawa katika fani saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Orodha hiyo yatosha kuonyesha kwamba ugomvi wa leo kati ya "sanaa" na "sayansi" ni wa juzi tu.

Katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, sehemu ya fani hizo haikusubiri chuo. Miongoni mwa jamii ya Wabukusu, mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya maziko huitwa msemaji wa kimila kuongoza kikao kiitwacho khuswala kumuse. Msemaji huvaa joho la ngozi, hushika fimbo, akatembea huku na huko katikati ya watu walioketi, akisimulia chimbuko la koo, safari za mababu, vita na wajibu wa walio hai. Haifai mtu kumkatiza wala kuinuka ovyo. Kazi hii ni ya koo maalumu, na anayeirithi husikiliza miaka mingi kabla ya kufungua kinywa. Historia, balagha na maadili hufundishwa katika kikao kimoja. Kinachokosekana ni maandishi, na nafasi ya msikilizaji kuuliza. Hayo mawili ndiyo shule ilipaswa kuongeza, ingawa la pili shule nyingi nazo zimelisahau.

Mjini Kitale, upana huo ulichukua sura nyingine. Mwaka 1926 mlowezi Mwingereza, Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake binafsi ya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa hazina hiyo, na mwaka 1974 makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa umma. Jicho lilikuwa la mlowezi, hilo halifichiki, lakini kipepeo na kitabu vilikaa chini ya paa moja.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya elimu pana ni la ajira. Mzazi anayeuza mahindi au miwa kulipa karo ya Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2015, ana haki ya kuuliza mwanawe atafanya kazi gani, hasa anapowaona walimu waliohitimu wakingoja miaka kuajiriwa. Hata hivyo, ujuzi mwembamba nao hauna dhamana. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, fundi aliyejua mtambo mmoja tu alibaki na ujuzi usio na mnunuzi. Aliyeweza kuandika, kupiga hesabu na kujifunza jambo jipya alikuwa na pa kuanzia.

Ajira yenyewe si kipimo cha pekee: kuna maswali ambayo ujuzi mmoja hauwezi kuyajibu. Kitale ndiko ilikoanzishwa Kenya Seed mwaka 1956, na mbegu chotara ya mahindi 611, iliyotolewa mwaka 1964, ilizaliwa huko. Mbegu iliongeza mavuno, lakini haikuweza kujibu nani alime wapi. Katika Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza mwaka 1971, uligawa ardhi kwa awamu zilizozua malalamiko juu ya malalamiko. Kufikia mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF) lilikuwa limeshika silaha. Mamia waliuawa na maelfu wakahama kabla na baada ya jeshi kuingia Machi 2008. Mpima ardhi huweza kuchora mpaka ulionyooka. Kujua kwa nini majirani wawili wanalidai shamba lilelile ni kazi ya historia, sheria na lugha.

Mtaala mpya wa Kenya unaligusa suala hili la upana wa elimu moja kwa moja. Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa gredi ya 10 katika sekondari pevu huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kiingereza, hisabati, na Kiswahili au lugha ya ishara ni vya lazima kwa wote. Historia si ya lazima. Anayetaka kuwa mpima ardhi huko Kapsokwony, Mlima Elgon, anaweza kuaga somo hilo akiwa gredi ya 9, isipokuwa alichague kama somo la ziada katika shule inayolifundisha.